Mfuko wa Baiskeli na Milango Mitatu ya Maji

Dalili ya mvua ni mawingu, walisema wahenga. Lakini msafiri wa baiskeli huyaona mawingu asijue yatamwagia wapi. Katika sehemu kubwa za kusini na za kati ya Uganda mvua nyingi hunyesha mara mbili kwa mwaka, kati ya Machi na Mei, na tena kati ya Septemba na Novemba. Katika miezi hiyo askari anayerejea kituoni, mke wake anayetoka zahanati, na mtoto anayetoka shule huweza kulowa wote katika robo saa. Mwili ukilowa hukauka kando ya moto. Karatasi ikilowa ni habari nyingine.

Konstebo mmoja aliyekuwa likizoni alijitolea kumpelekea shemeji yake hati makao makuu ya wilaya, mwendo wa kilomita 22. Shemeji huyo alikuwa mjane wa kaka yake, aliyekuwa sajini jeshini. Hati zilikuwa za kudai mafao ya marehemu: cheti cha ndoa kutoka parokia, vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu, na barua ya mwenyekiti wa kijiji. Konstebo hakuwa na wasiwasi, kwani alikuwa amenunua mjini mifuko miwili mipya ya pembeni, ya turubai la plastiki, iliyosifiwa kuwa haiingizi maji. Mmoja alitia hati zile, na juu yake maharagwe ya kumpelekea dada yake aliyeolewa huko. Mfuko ukafura hata mdomo wake ukakunjika mara moja tu.

Mvua ilimkuta baada ya kilomita 15. Alipofika na kufungua mfuko, maharagwe yalikuwa yanaelea, na mhuri wa parokia umeyeyuka ukawa doa la zambarau. Karani alizitazama karatasi kwa huruma, lakini hakuweza kuzipokea. Konstebo akarudi kijijini na mzigo wa aibu.

"Shemeji," aliuliza mjane, akizitandaza karatasi juu ya mkeka, "si ulisema mfuko huu hauingizi maji?"

"Ndivyo nilivyoambiwa dukani, shemeji. Unisamehe."

Jioni ile waliupeleka mfuko kwa mzee mmoja, sajini meja mstaafu, ambaye sasa hushona maturubai katika senta ya biashara. Mzee aliugeuza ndani nje, akaupapasa, kisha akatikisa kichwa.

"Turubai lako halina kosa, kijana wangu. Umelifunga kama gunia la mahindi. Maji hayatoboi turubai, hutafuta mlango."

"Mlango upi, afande?"

"Mdomo, mshono na tundu. Ukiilinda milango hiyo mitatu, mvua itapita juu."

Maneno ya mzee huyo yatosha kuwa mwongozo kwa kila nyumba yenye baiskeli.

MZIGO WA PEMBENI SI JAMBO JIPYA

Tangu zamani watu wa pwani humtwika punda shogi, yaani mfuko mkubwa wa ukindu unaoning'inia mbavu zote mbili za mnyama. Waliona mapema kwamba mzigo ulio chini na uliogawanywa sawasawa pande mbili haumwangushi mchukuzi. Mifuko ya pembeni ya baiskeli ni shogi lile lile, ila punda amekuwa wa chuma.

Askari nao wameijua shida hii kwa muda mrefu. Mwaka 1897, askari 20 weusi wa Kikosi cha 25 cha Jeshi la Miguu la Marekani, wakiongozwa na Luteni James Moss, waliendesha baiskeli kutoka Fort Missoula, katika jimbo la Montana, hadi mji wa St. Louis. Waliondoka tarehe 14 Juni, wakafika tarehe 24 Julai, baada ya mwendo wa maili 1,900, yaani kilomita 3,000 na zaidi. Blanketi na kipande cha hema walivizungusha na kuvifunga mbele ya usukani, na sanduku gumu liliwekwa katikati ya fremu. Mvua na matope viliwatesa sana.

Mifuko ya namna inayouzwa leo ina asili iliyo karibu zaidi na ufundi wa yule mzee. Mwaka 1981 kijana wa Kijerumani, Hartmut Ortlieb, alinyeshewa sana akisafiri kwa baiskeli Uingereza. Akaona malori yakimpita, na shehena zake ni kavu chini ya maturubai. Aliporudi kwao alikata turubai la lori, akashona mfuko kwa cherehani ya mama yake, na mwaka 1982 akaanzisha kampuni yenye jina lake. Hivyo basi, mfuko wa bei kubwa dukani ni mtoto wa turubai lile lile linalofunika malori yapitayo Busia na Malaba kila siku.

KUCHAGUA

Anayenunua mfuko asianze na rangi wala sifa za muuzaji. Aanze na mdomo. Mdomo mzuri ni ule mrefu unaokunjwa kwa kuzungushwa mara tatu au nne, kisha ukabanwa kwa bizimu. Zipu hupendeza, lakini zipu ya kawaida hupitisha maji kati ya meno yake, na mchanga huiharibu upesi. Mfuniko wa kuangushia juu hufaa kwa manyunyu, hautoshi kwa mvua ya upepo.

Pili, atazame mishono. Turubai la plastiki laweza kuunganishwa kwa joto, bila sindano; mfuko wa namna hiyo hauna matundu. Ikiwa umeshonwa, kila pigo la sindano ni tundu, na hapana budi mshono uwe umezibwa kwa ndani kwa utepe au gundi. Mfuko wenye mshono katika kitako ni wa kuepukwa, kwani maji yanayorushwa na gurudumu hupiga hapo.

Tatu, asome alama, kama ipo. Mifuko mingine huandikwa IP64. Tarakimu ya kwanza, 6, yahusu vumbi: vumbi haliingii. Ya pili, 4, husema kwamba mfuko hustahimili maji yanayorushwa kutoka kila upande. Haisemi kwamba mfuko waweza kuzamishwa. Anayevuka kijito kilichofurika na aivue mifuko, aibebe begani.

Mwisho, achunguze kulabu. Mifuko mingi ya kigeni imetengenezewa keria za bomba jembamba, lisilozidi milimita 16. Keria nyingi za baiskeli nzito za huku ni za chuma bapa au za nondo zilizochomelewa na fundi, na kulabu za plastiki huenda zisiingie, au zikicheza zivunjike. Ni heri mnunuzi aende dukani na baiskeli yake, ajaribu papo hapo.

KUSHONESHA KWA FUNDI

Si kila mshahara waweza kununua mfuko wa kiwandani. Lakini kipande cha turubai zuri la lori, lisilo na nyufa, chatosha. Kwa mfuko mmoja hutakiwa kipande cha urefu wa sentimita 150 na upana wa sentimita 50. Kikunjwe katikati ya urefu, ili kitako kiwe mkunjo usio na mshono. Pande mbili zishonwe kwa uzi wa nailoni, zikiachiwa sentimita mbili na nusu za mshono kila upande. Mshono ukunjwe mara mbili, kisha upakwe gundi ya plastiki na kufunikwa kwa utepe wa turubai.

Pembe mbili za chini zikunjwe zielekee chini ya kitako na kubandikwa, kama mtu anavyofunga kifurushi cha sukari. Zisikatwe, kwa kuwa pembe iliyokatwa ni mlango mpya. Zikikunjwa vizuri, mfuko utakuwa na kitako cha sentimita 30 kwa 15 na kimo cha sentimita 67 hivi. Sentimita 40 za chini ndizo za mzigo, nazo huchukua lita 18. Zinazobaki juu ni za kuzungusha mdomo, wala si za kuongezea maharagwe.

Upande wa nyuma utiwe kibao chembamba, au kipande bapa kilichokatwa katika jerikeni kuukuu, ili mfuko usijikunje ukaingia katika spoki. Kulabu mbili za chuma zifungwe kwenye kibao hicho kwa bolti na nati, karibu na juu iwezekanavyo. Pande zote mbili za kila tundu la bolti ziwekwe duara la mpira wa tyubu kuukuu. Duara hilo, nati ikikazwa, huziba tundu.

Aliye na turubai la pamba badala ya plastiki asilidharau. Nyuzi za pamba zikilowa huvimba na kubanana, zikapunguza maji yanayopita. Likisuguliwa nta ya nyuki, kisha likapashwa joto kwa pasi isiyo kali hadi nta ikanywewa, hulinda mzigo vizuri katika mvua ya wastani, ingawa si sawa na plastiki katika mvua ya saa nyingi.

KUFUNGA KWENYE BAISKELI

Mfuko mzuri uliofungwa vibaya huharibika katika mwezi mmoja. Kulabu za juu hubeba uzito tu. Hazizuii mfuko kupepea. Kwa hiyo pahitajiwe kifungo cha tatu, chini. Mifuko ya kiwandani huwa na kulabu ndogo ya kushika mguu wa keria. Mfuko wa fundi hufungwa kwa mpira wa tyubu unaovutwa hadi karibu na ekseli ya gurudumu la nyuma. Bila kifungo hicho, kila shimo la barabarani hurusha mfuko, chuma husugua turubai mahali pale pale, na tundu hutoboka.

Baada ya kufunga, mwenye baiskeli akae juu yake, mtu mwingine amshikie, azungushe pedali kinyumenyume pole pole. Kisigino kikigusa mfuko, mfuko usogezwe nyuma. Kisha gurudumu la nyuma liinuliwe na kuzungushwa, kuhakikisha hakuna mkanda unaofikia spoki. Mkanda wa bega uondolewe na kutiwa ndani kabla ya safari. Ukinaswa na spoki, gurudumu husimama ghafla na msafiri huanguka.

Mahali ambapo chuma cha keria kinagusa turubai, chuma hicho kizungushiwe mpira wa tyubu. Taa ya nyuma na kioo chekundu visizibwe na mfuko, kwa maana dereva wa lori haoni turubai jeusi usiku wa mvua.

Nati za keria nazo zikazwe kwa spana kabla ya kila safari ndefu. Keria za alumini aghalabu hupigwa alama ya uzito zinaoweza kubeba, mara nyingi kilo 25. Keria ya chuma ya baiskeli nzito hubeba zaidi, lakini nati iliyolegea haijali ukubwa wa chuma.

KUPAKIA

Vizito vikae chini, karibu na ekseli, na pande mbili zilingane. Kilo kumi upande mmoja na kilo mbili upande wa pili huvuta baiskeli ubavu, hasa penye utelezi. Vyenye ncha, kama panga au jembe, visikae ndani ya mfuko usioingiza maji. Vifungwe juu ya keria, makali yakiwa yamefunikwa gunia.

Hati, dawa, kadi ya kliniki ya mtoto, na fedha zisitegemee mfuko peke yake. Zitiwe kwanza katika mfuko mdogo wa plastiki uliokunjwa mdomo, ndipo ziwekwe katikati ya nguo, si chini kabisa, wala si juu kabisa. Chini ndiko maji hukusanyika yakiingia. Juu ndiko huingilia.

Kabla ya kukunja mdomo, hewa itolewe kwa kuukandamiza mfuko kidogo. Kisha mdomo unyooshwe, uzungushwe mara tatu bila makunyanzi, na bizimu ifungwe. Mfuko usiowezekana kuzungushwa mara tatu umejaa kupita kiasi. Pana dawa moja tu: kitu kimoja kitolewe.

KUTUNZA

Watu wengi husahau kwamba kinachozuia maji kuingia huyazuia pia kutoka. Koti lililolowa likifungiwa humo usiku kucha, asubuhi hunuka, na baada ya siku chache huota ukungu. Baada ya kila safari mfuko ufunguliwe wote, ufutwe ndani, na kuning'inizwa kichwa chini mahali penye upepo na kivuli. Jua kali la kila siku hukausha plastiki ikawa ngumu na kupasuka.

Matope yaoshwe kwa maji na sabuni ya kawaida na kitambaa laini. Petroli na mafuta ya taa visitumiwe, kwa kuwa hulainisha plastiki na kulegeza gundi. Wakati wa kuhifadhi, mfuko usikunjwe daima kwenye mstari mmoja. Mstari huo ndio utakaopasuka kwanza.

Kila mwezi wakati wa mvua nyumba yaweza kufanya ukaguzi kwa njia mbili nyepesi. Ya kwanza ni ya usiku: tochi iwashwe na kutiwa ndani ya mfuko katika chumba chenye giza. Kila tundu, hata la sindano, litaonekana kama nyota. Watoto hupenda sana kazi hii, na macho yao ni makali kuliko ya baba. Ya pili ni ya mchana: gazeti kavu litiwe ndani, mdomo ukunjwe, na ndoo ya maji imwagwe juu na pembeni kwa dakika chache. Gazeti likitoka kavu, mfuko u tayari. Likitoka na alama ya maji, alama hiyo itaonyesha upande wa kutafuta.

Tundu likionekana, lizibwe siku hiyo hiyo, maana usipoziba ufa utajenga ukuta. Mahali pa tundu pasafishwe kwa spiriti, pakauke. Kiraka cha turubai la aina ile ile kikatwe mviringo, kwa kuwa kiraka chenye pembe huanza kubanduka pembeni. Solusheni ya kuzibia tyubu haishiki vizuri juu ya turubai la plastiki; itumiwe gundi ya plastiki, na kiraka kikandamizwe chini ya kitu kizito usiku mmoja.

SAFARI YA PILI

Ilimchukua mjane yule muda wa miezi miwili kupata tena hati zote. Alirudi parokiani kutafutiwa jina lake katika daftari la ndoa, akaenda mara tatu kwa mwenyekiti wa kijiji. Wakati huo konstebo alikuwa amerudi kazini, naye alimtumia shemeji yake nauli ya basi. Mjane hakuitumia. Alinunua gundi na kipande cha turubai, akampelekea mzee autengeneze mfuko ule ule, kisha akamwomba mwanawe mkubwa amwendeshe.

Asubuhi ya safari alipakia mwenyewe. Mwanawe alileta kikapu cha mayai ya shangazi yake.

"Mama, humu pana nafasi."

"Hiyo si nafasi, mwanangu. Huo ni mdomo."

Mayai yalisafiri mapajani mwake. Mvua iliwakuta penye daraja, ikawafuata hadi mjini, na wote wawili waliingia ofisini wakichuruzika maji. Mjane aliuweka mfuko juu ya benchi, akaufuta kwa kanga, akazungusha mdomo mara tatu kuufungua, na kumkabidhi karani hati tano. Karani alizigeuza moja moja, akazigonga mhuri wa kupokelewa, na wino wa mhuri ulikaa pale alipougonga.